Kocha wa chuo anashinda na mkataba anao: umpe mrefu sasa hivi, umuongezee kwa masharti, au usubiri kwanza?

Kila Novemba ikiingia huku Marekani habari ni ileile. Chuo fulani kina kocha wa futiboli, hii futiboli yao ya mpira wa yai sio soka yetu, msimu huu katisha, ameshinda mechi tisa kumi, mkataba wake una miaka mitatu minne mbele, halafu ghafla inasikika kuna chuo kikubwa zaidi kinamnyemelea. Hapo ndo watu wanagawanyika. Kwenye grupu letu la Waswahili wa Texas msimu uliopita tulilumbana mpaka usiku wa manane, nusu wanasema muongezeeni leo leo kabla hajachukuliwa, nusu wanasema haraka ya nini wakati mkataba anao tayari. Na sio ubishi wa kupoteza muda, wengi wetu tuna watoto kwenye hivi vyuo, ada tunalipa sisi, na waliomaliza hapo kila mwaka wanapigiwa simu wachangie mfuko wa michezo.

Kwa hiyo nimeona nizipange njia tatu ambazo huwa zinakuwa mezani nizipime kwa vipimo vilevile, ili wewe uliyekwama katikati uone chuo chako kinaangukia wapi. Kumfukuza siiweki, tunaongelea kocha anayeshinda.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza, ushindi umetoka wapi. Ni kocha, au ni kwotabeki (yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi) mmoja wa ajabu ambaye mwakani hayupo? Ni msimu mmoja au ni mitatu? Na kabla ya kuja hapa huyu kocha alikuwa wapi na alifanya nini huko? Hiki watu wanakiruka sana na mi nadhani ndo cha kuanza nacho.

Cha pili, usajili. Kijana wa sekondari anasaini Desemba, na mama yake akikaa na kocha sebuleni kwake ana swali moja tu, wewe utakuwepo hapa mwanangu akifika mwaka wa tatu? Mkataba uliobakiza miaka miwili, makocha wa vyuo pinzani wanautembeza nyumba kwa nyumba kumtisha yule mama. Siku hizi na dirisha la uhamisho nalo limeongeza presha, mchezaji akihisi kocha anaondoka na yeye anaangalia mlango.

Cha tatu, fidia. Mikataba mingi ina fidia mbili, ile chuo kinayomlipa kocha kikimfukuza kabla ya muda na ile anayolipa kocha (kiukweli inalipwa na chuo kinachomchukua) akiondoka mwenyewe. Na kuna kipengele kidogo ambacho hakitajwi kwenye vichwa vya habari, kinachosema kama kocha aliyefukuzwa akipata kazi sehemu nyingine mshahara mpya unakatwa kwenye deni la chuo cha zamani au haukatwi. Kishike hicho kipengele, tutakirudia.

Cha nne, pesa hiyo ingefanya kazi gani nyingine. Zamani swali hili lilikuwa jepesi maana mchezaji alikuwa anapewa skolashipu basi. Tangu mahakama ipitishe makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, Juni 2025, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wenyewe moja kwa moja, kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025-26 kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Sasa kocha mmoja akichukua milioni 10 au 12 kwa mwaka unaona mwenyewe uzito wake ukilinganisha na hiyo.

NJIA YA KWANZA: mkataba mrefu sasa hivi, miaka saba mpaka kumi, na pesa analipwa hata akifukuzwa

*Ushindi umetoka wapi.* Hii njia inafanya kazi vizuri sana pale kocha mwenyewe ndo chanzo cha ushindi, na inaua pale sio. Nina mfano wa watu wawili nauona kama mapacha waliokwenda njia tofauti.

Charlie Weis, Notre Dame, 2005. Mechi saba tu kwenye msimu wake wa kwanza, ameshinda tano kafungwa mbili, moja ya alizofungwa ilikuwa 34-31 na USC iliyokuwa inaogopwa na nchi nzima, na watu walimpenda zaidi kwa kufungwa vile kuliko kama angeshinda. Chuo kikamwaga wino naye mpaka 2015. Msimu wa 2007 akashinda mechi tatu akapoteza tisa, mwisho wa 2009 akafukuzwa, na Notre Dame wakaendelea kumlipa mpaka Desemba 2015, jumla kama dola milioni 19. Katikati hapo akaenda kufundisha Kansas nako wakamfukuza, kwa hiyo 2015 alikuwa analipwa na vyuo viwili na hafundishi hata kimoja.

Curt Cignetti, Indiana, 2024. Na yeye mkataba mpya wa miaka minane umekuja ndani ya msimu wa kwanza, baada ya mechi kumi, zote kashinda, kwenye timu ambayo kwa miongo ilikuwa kichwa cha mwendawazimu. Kwa macho ni haraka ileile ya Notre Dame. Oktoba 2025, siku chache baada ya kuifunga Oregon kwao, wakampa mwingine tena wa miaka minane wenye thamani ya kama dola milioni 93, na Januari 2026 Indiana ikawa bingwa wa taifa bila kupoteza mechi hata moja, ushindi 16 kati ya mechi 16.

Tofauti iko wapi? Weis kabla ya Notre Dame alikuwa msaidizi, msaidizi mzuri mno, alikuwa anaongoza mashambulizi ya New England Patriots waliobeba makombe, lakini hajawahi kuwa kocha mkuu wa chuo wala wa timu ya kulipwa. Cignetti alikuwa kocha mkuu tangu 2011, akaanzia chuo kidogo cha Pennsylvania, akaja Elon, akaja James Madison, na kote huko hakuwahi kumaliza msimu ana vipigo vingi kuliko ushindi. Mechi kumi za Indiana zilikuwa zimekaa juu ya miaka 13. Mechi saba za Notre Dame zilikuwa hazijakaa juu ya kitu.

Ila na historia nzuri haitoshi peke yake, hapo lazima niwe mkweli. Mike Norvell alikuwa kafanya vizuri Memphis miaka minne kabla ya Florida State, 2023 akashinda mechi zote 13 kabla ya kufungwa na Georgia kwenye Orange Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, Januari 2024 Nick Saban, kocha wa Alabama, alipostaafu jina la Norvell likatajwa huko, Florida State wakamuongezea mpaka 2031 kwa kiasi cha milioni 10 kwa mwaka. Msimu uliofuata, mbili kwa kumi. Yaani ushindi wa mechi mbili, vipigo kumi. Kitu ambacho kilikuwa wazi kabisa ni kwamba wachezaji kumi wa ile timu ya 2023 walichukuliwa na NFL, ligi ya kulipwa, kwenye drafti moja (siku timu zinapochagua wachezaji wapya), timu iliyoshinda ilikuwa imeshaondoka na mkataba ukamkuta kocha amebaki na timu nyingine.

*Usajili.* Hapa njia hii haina mpinzani. Mama akiuliza utakuwepo, kocha anaonyesha karatasi. Kirby Smart wa Georgia alipewa miaka kumi, dola milioni 112.5, mwaka 2022 baada ya ubingwa wa kwanza, na msimu huohuo akabeba wa pili mfululizo. Sisemi karatasi ndo iliyobeba kombe, ila hakuna aliyeweza kwenda nyumba za watu akasema Smart anaondoka.

*Fidia.* Novemba 12, 2023 ilikuwa Jumapili. Nilikuwa kwa shemeji yangu hapa Houston, yeye amemaliza Texas A&M na pete yao ya dhahabu haivui, tunakunywa chai baada ya kanisa, ikaja habari kwenye simu kwamba Jimbo Fisher kibarua kimeota nyasi. Jana yake tu A&M wameshinda 51-10! Shemeji hakuongea. Akafungua kalkuleta kwenye simu akaanza kupiga.

Nikukumbushe ilivyokuwa. Fisher alikuja mwisho wa 2017 kwa mkataba wa miaka kumi, milioni 75, zote analipwa hata akifukuzwa. 2020 akafanya vizuri kweli, tisa kwa moja, nafasi ya nne kitaifa. Septemba 2021 wakamuongezea mpaka 2031, na kumbuka ule wa kwanza ulikuwa bado unaenda mpaka 2027, yaani walikuwa wanamkinga mtu ambaye alikuwa amebakiza miaka mingi. 2022 akashinda tano akafungwa saba, ikiwemo kufungwa nyumbani na Appalachian State. Alipofukuzwa deni lilikuwa zaidi ya dola milioni 75, kama 19 zilipwe ndani ya siku 60 na zilizobaki zaidi ya 7 kila mwaka mpaka 2031. Na kile kipengele nilichosema ukishike, kwenye mkataba wake hakikuwepo. Akipata kazi au asipate, A&M wanalipa yote.

Shemeji akageuza simu nione. Karibu dola elfu 20 kwa siku. Kila siku, Jumapili zikiwemo, mpaka 2031. Akasema, "Na wiki ijayo watanipigia nichangie."

Sasa linganisha na James Franklin wa Penn State. Na yeye alipewa mkataba wa miaka kumi mpaka 2031, na yeye akafukuzwa, Oktoba 2025, deni likiwa karibu milioni 50. Lakini kwenye wake ilikuwepo kwamba lazima atafute kazi na atakachopata kinapunguza deni. Novemba hiyohiyo Virginia Tech wakamchukua, na Penn State wakamalizana naye kwa milioni 9. Makocha wawili, mikataba mirefu miwili, urefu karibu sawa, kilichotofautisha milioni 75 na milioni 9 ni mistari michache ya maandishi. Watu wanagombana kuhusu miaka mingapi, na mimi nimekuja kuamini miaka sio tatizo kubwa kiasi hicho, tatizo ni hiyo mistari.

Na jambo lingine linaniuma. Mkurugenzi wa michezo aliyemleta Fisher alishahamia LSU 2019, aliyesaini nyongeza ya 2021 akahamia Ohio State mwanzoni mwa 2024. Deni lenyewe halihami. Mkataba wa miaka kumi mara nyingi unasainiwa na mtu ambaye miaka kumi ikifika hayupo.

*Pesa.* Inabana. Chuo kinachoingiza pesa nyingi za TV kinaweza kubeba kocha wa milioni 11 na bado kikalipa wachezaji mpaka kiwango cha juu, cha kati hakiwezi.

*Inamfaa nani.* Chuo chenye mfuko mzito, kocha ambaye ameshajenga zaidi ya sehemu moja, na wanasheria waliokataa kuondoa kile kipengele.

NJIA YA PILI: kumuongezea kwa masharti

Hapa namaanisha miaka michache zaidi, tuseme miwili mpaka minne, mshahara wa kawaida na bonasi nene akifikia malengo, na fidia inayoshuka kila mwaka.

*Ushindi umetoka wapi.* Njia hii inakubali kwamba hujui. Kama una mashaka kati ya kocha na wachezaji waliokuwepo, unamlipa kwa kinachotokea.

Mfano ninaoupenda ni Michigan na Jim Harbaugh. 2020, msimu wa korona, alishinda mbili akafungwa nne, hajawahi kuifunga Ohio State, na mkataba wake wa mwanzo ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Miaka ya kabla yake alikuwa ameshinda sana, kwa hiyo haikuwa kesi ya kocha mbovu, ilikuwa kesi ya kocha mzuri mwenye swali juu yake. Januari 2021 wakampa mpya mpaka 2025 lakini mshahara ukakatwa karibu nusu, kutoka kama milioni 8 kwenda kama 4, halafu bonasi zikapangwa, ubingwa wa Big Ten (ligi anayochezea Michigan) milioni moja, ubingwa wa taifa milioni moja, na kadhalika. Fidia ya kumfukuza ilianza milioni 4 tu na inashuka milioni moja kila mwaka. Msimu uleule akaifunga Ohio State 42-27 akabeba Big Ten, na bonasi zake akasema ziende kwa wafanyakazi wa idara ya michezo waliokatwa mishahara kipindi cha korona. Januari 2024 akabeba ubingwa wa taifa.

*Usajili.* Ni wastani. Kocha ana kitu cha kuonyesha lakini mpinzani naye ana cha kusema, mbona wamempa mitatu tu, hawamwamini?

*Fidia.* Kwenye karatasi hii ndo salama kuliko zote, ila inataka bodi yenye subira, na subira haiandikwi kwenye mkataba. Nebraska walikuwa na Scott Frost, tena huyu hakuwa hata anashinda, walimuongezea miaka miwili Novemba 2019. Mkataba, baada ya kurekebishwa Novemba 2021, ulikuwa na tarehe, ukimfukuza kabla ya Oktoba 1, 2022 unalipa milioni 15, ukisubiri ikafika Oktoba 1 unalipa milioni 7.5. Septemba 10 wakafungwa nyumbani na Georgia Southern 45-42, Septemba 11 wakamfukuza. Wiki tatu ziliwagharimu milioni 7.5. Simlaumu aliyeamua, najua uwanja wa Lincoln ulivyokuwa jioni ile na najua hasira ya mashabiki ikishafika hapo hakuna anayesoma kalenda, nachosema ni kwamba fidia inayoshuka ina faida kwa chuo kinachoweza kungoja ishuke.

*Kuibiwa kocha.* Hiki sikukitaja kwenye vipimo vinne, ila hapa ndo udhaifu wenyewe. Harbaugh siku 16 baada ya kubeba ubingwa alikuwa ameshakubaliana na Los Angeles Chargers, timu ya NFL. Masharti mepesi yanafungua mlango pande zote mbili, kama wewe unaweza kumwacha kirahisi na yeye pia.

*Pesa.* Nafuu msimu mbaya, ghali msimu mzuri, na msimu mzuri ndo pesa inaingia kwa hiyo inajilipa.

*Inamfaa nani.* Chuo cha kati. Au chuo kikubwa chenye kocha mzuri aliyetoka kwenye mwaka mmoja mbaya. Na pia kocha anayejiamini mwenyewe, maana yupo anayesema nipe kidogo nitakuonyesha, na yupo ambaye wakala wake hataki hata kusikia neno bonasi.

NJIA YA TATU: kusubiri, mkataba uliopo uendelee

*Ushindi umetoka wapi.* Unanunua taarifa. Msimu mmoja zaidi unakuonyesha kama kocha anaweza kujenga timu nyingine wale nyota wakiondoka. Lakini uzuri huo unapatikana ukisubiri mpaka nyota waondoke kweli. Colorado walikuwa na Deion Sanders, mkataba wa miaka mitano tangu Desemba 2022, hawakukimbilia, msimu wa kwanza nne kwa nane, wa pili tisa kwa nne na mchezaji wao Travis Hunter akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Machi 2025 wakampa miaka mitano, dola milioni 54. Mwezi mmoja baadaye Hunter na kwotabeki Shedeur Sanders wakachukuliwa na NFL, na msimu wa 2025 ukaisha tatu kwa tisa. Walisubiri misimu miwili, subira nzuri tu, lakini swali lenyewe, huyu kocha bila wale wawili ni nani, lilikuwa linajibiwa vuli ya 2025. Pengine walikuwa na sababu zao, jina la Sanders linaleta watu uwanjani na kamera za TV na hiyo nayo ni pesa. Kwa kipimo cha ushindi tu, wangengoja miezi sita zaidi wangekuwa na jibu mkononi.

*Usajili.* Unaumia, hakuna kuzunguka. Kila mwezi unaopita bila karatasi mpya wapinzani wana la kusema. Kama mkataba una miaka minne na zaidi maumivu ni madogo, ukibaki miwili ni makubwa, ukibaki mmoja kila mzazi anajua.

*Fidia.* Sifuri ya nyongeza. Na kama unavyoona Michigan, mkataba kuachwa ufike mwaka wa mwisho ndo uliowapa nguvu ya kukata mshahara. Angekuwa na miaka sita mbele asingekubali.

*Kuibiwa kocha.* Hii ndo hofu inayowasukuma wote kwenye njia ya kwanza. Na haijatungwa. Kalen DeBoer alifika fainali ya taifa na Washington Januari 8, 2024, Januari 12 alikuwa kocha wa Alabama. Washington walipata fidia ya milioni 12, na wachezaji wengi wakaingia dirisha la uhamisho. Lakini niulize kitu, je mkataba mrefu ungemzuia? Ole Miss ni mfano wa kufikirisha kwa sababu sheria ya Mississippi hairuhusu chuo cha serikali kumpa kocha mkataba unaozidi miaka minne, hata wangetaka kumi hawawezi. Lane Kiffin akashinda 11 kati ya 12 msimu wa 2025 halafu Novemba 30 akaenda LSU, timu ikaingia mtoano wa taifa na kocha mwingine. Wapo wanaosema ni ile miaka minne. Mi naona Alabama au LSU wakimtaka mtu wanamchukua, miaka iliyobaki haiwazuii, kinachopunguza kasi yao ni ukubwa wa fidia anayodaiwa kocha akiondoka. Kama unaogopa kuibiwa, jadiliana kuhusu hiyo fidia ya upande wa pili. Ajabu ni kwamba kwenye mikataba mingi fidia ya chuo ni milima na fidia ya kocha ni kichuguu, na watu wanaita hiyo kumfunga kocha.

*Pesa.* Inabaki kwa wachezaji, na siku hizi wachezaji ndo wanaonunua ushindi moja kwa moja kuliko wakati wowote.

*Inamfaa nani.* Chuo ambacho kocha wake ana miaka minne na kuendelea, msimu mzuri ni mmoja tu, na nyota wake wote ni wa mwaka wa mwisho.

Sasa wewe uko wapi?

Kama kocha wako ameshinda sehemu mbili au tatu tofauti na wachezaji tofauti, na chuo kina pesa ya TV ya ligi kubwa kama Big Ten au SEC, mpe mrefu. Kusubiri kwako hakukuongezei taarifa, kunakupotezea usajili tu. Ila kile kipengele cha kupunguza deni akipata kazi kibaki, na wakala wake akisema bila kukiondoa hasaini, hapo ndo pa kukaa naye usiku mzima, sio kwenye laki mbili tatu za mshahara.

Kama amefanya vizuri msimu mmoja na kwotabeki anaondoka Januari, subiri. Mpigie simu kocha mwenyewe umwambie unasubiri na kwa nini, mlipe bonasi nzuri ya msimu huu, waongezee mishahara wasaidizi wake maana mara nyingi hao ndo wanaanza kuibiwa, halafu kaeni tena baada ya mechi sita za msimu ujao.

Kama mkataba umebaki miaka miwili na bado huna uhakika, kusubiri sio njia tena, usajili utaharibika uwe sahihi au usiwe. Nenda njia ya pili, ongeza miwili mitatu, weka bonasi, na tarehe za fidia kushuka ziwe Desemba msimu ukiisha, zisiwe katikati ya Septemba au Oktoba ambapo kila kipigo kinawasha moto.

Kama ni chuo kidogo kinachojua kabisa kocha akizidi kushinda ataondoka, usijiumize kumkimbiza kwa mishahara usiyoiweza. Mpe miaka anayotaka, lakini fidia ya yeye kuondoka iwe kubwa, ili siku akiondoka mbakiwe na pesa ya kuanzia upya.

Na kama wewe huamui chochote, ni mhitimu au mzazi unayepigiwa simu uchangie, uliza maswali mawili kabla hujatoa kadi. Akifukuzwa mwakani tunadaiwa shilingi ngapi? Na akipata kazi nyingine, deni linapungua? Vyuo vya serikali mikataba yao unaweza kuiomba ukaisoma, shemeji yangu sasa hivi Texas A&M wakitangaza nyongeza yoyote anatafuta kwanza karatasi yenyewe. Novemba 2025 walipompa Mike Elko miaka sita mipya baada ya kushinda mechi kumi mfululizo, grupu zima lilikuwa linasherehekea, yeye akaandika, "Leteni ukurasa wa fidia."